Babu alifuata nini Burma?

SWALI: Mambo vipi mhariri, babu mzaa baba alikuwa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki), alipigana Burma, siku hizi Myanmar, vita ya pili ya dunia, sasa washkaji kijiweni wanasema eti alikuwa kibaraka wa Mwingereza. Hivi wale wazee walijiunga kwa nini hasa? Mjukuu, Songea

JIBU: Poa mjukuu. Kwanza sio wote walijiunga kwa hiari, kuna chifu aliambiwa alete vijana akawatoa, we ungekataaje? Ila kwa wengi ishu ilikuwa hela. Kodi ilidaiwa kwa shilingi na shilingi yenyewe mpaka ukakate mkonge, kazi ya sulubu, wakati jeshini kuna mshahara, msosi, sare, na ukibahatika unafundishwa udereva au kusoma. Wengine walitaka tu kuona dunia, na sare ilivutia mabinti, tusidanganyane. Ndo wakajikuta Abisinia (Ethiopia) 1941, Madagaska 1942, halafu Burma 1944 kwenye mvua na malaria. Kibaraka? Hapana bana. Waruhiu Itote naye alipigana Burma, akarudi Kenya akawa Jenerali China wa Mau Mau, wale waliopigana na Mwingereza, waulize hao washkaji huyo nao wanamwitaje.