Hela ya chakula haivuki tarehe 20: tatizo liko wapi?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa nyumbani, naishi Makorora, Tanga. Tuko sita: mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto watatu, wa miaka 14, 9 na 5. Hela ya chakula ni 420,000 kwa mwezi, gesi na umeme mbali. Tarehe 1 nanunua mchele kilo 25 (65,000), unga wa sembe kilo 20 (30,000), mafuta ya kula lita 5 (27,000), sukari kilo 5 (14,000) na maharage kisado kimoja (9,000). Inayobaki ndiyo hela ya mboga, na kwa siku haizidi 10,000, ndani yake nazi mbili za 2,000. Vitafunwa vya asubuhi tunanunua vya 2,500, na watoto nawapa 1,000 ya ubuyu na juisi. Kila kitu naandika daftarini, lakini ikifika tarehe 20 sina kitu, naanza kukopa dukani. Mchele nao unaisha tarehe 22 au 23. Sasa nina deni la 45,000. Nakosea wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Ahsante kwa kuandika namba zako zote, maana jibu limo humohumo.

Vya jumla vinakula 145,000. Katika 420,000 inabaki 275,000. Matumizi yako ya kila siku ni 10,000 jumlisha 2,500 jumlisha 1,000, yaani 13,500. Gawa 275,000 kwa 13,500: unapata siku 20 na kidogo. Hela haipotei wala huna mkono mbaya. Inaisha siku ileile ambayo ilipaswa kuisha. Daftari lako linakuambia kilichotoka, halikuambii kilichopaswa kuwa kimebaki, na hilo la pili ndilo linalofikisha nyumba mwisho wa mwezi.

Tuanze na mchele, kwa sababu hapo manunuzi yako ni sahihi kabisa ila kipimo cha jikoni hakipo. Chukua kikombe cha plastiki cha nusu lita, upeleke dukani, ukipimishe kwenye mzani mara moja tu. Kikombe cha mchele kikijaa bila kilele huwa kati ya gramu 400 na 430. Kwa watu sita, wawili wakiwa watoto wadogo, vikombe viwili vinatosha mlo mmoja, yaani kama gramu 850. Kilo 25 ukizigawa hivyo unapata milo 29. Ukimimina kwa macho, sufuria ya familia kama yako inakula kilo moja na gramu mia bila wewe kujua, na hapo kilo zilezile zinatoa milo 22 au 23. Milo sita au saba imekwenda, na sehemu yake ni ukoko na wali uliolala ukachacha kwa joto letu la pwani.

Unga fanya vilevile. Kikombe hichohicho cha sembe ni karibu gramu 300, vikombe vitatu ni ugali wa watu sita, na kilo 20 zinatoa milo 22. Jumla milo 51. Mwezi una milo 60 ya mchana na usiku, kwa hiyo tisa inayobaki ipangie mihogo, ndizi, viazi au makande. Mtu asikudanganye ununue gunia kubwa zaidi. Ulichonunua kinatosha.

Baada ya kupima, gawa mwezi mafungu matatu: tarehe 1 hadi 10, 11 hadi 20, na 21 hadi mwisho. Wengi hugawa kwa wiki nne, na ndipo wanapoumia, kwa sababu wiki nne ni siku 28 na zile mbili tatu za mwisho hazina mwenyewe. Siku hiyohiyo ya kununua, tia mchele kwenye mifuko mitatu: kilo 8, kilo 8 na kilo 9. Ule wa kilo 9 ndio wa mwisho, kwa sababu ya tarehe 31. Funga miwili kwa kamba, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, uweke mbali na jiko. Mfuko wa kwanza ukiisha tarehe 8, umejua tarehe 8 badala ya tarehe 22, na siku mbili unaziziba kwa mihogo. Mafuta lita 5 yamimine kwenye chupa kumi za nusu lita, kila chupa siku tatu. Sukari nayo mifuko kumi ya nusu kilo, siku tatu kila mmoja. Chupa ya mafuta ikiisha siku ya pili, angalia ulikaanga nini. Mara nyingi ni samaki aliyezamishwa kwenye mafuta mengi, wakati kikaango chenye mafuta ya kufunika kidole kingetosha.

Ukitumia dona badala ya sembe, usinunue la mwezi mzima. Kiini cha mahindi kina mafuta, na kwa unyevu wa Tanga dona likikaa linachachuka na kuingia wadudu. Nunua la siku kumi kumi.

Sasa hela. Kutoka kwenye 275,000, ongeza kisado cha pili cha maharage, 9,000, na unga kilo 5 wa uji, 7,500. Inabaki 258,500. Toa 18,500 ya wageni, ugonjwa na tarehe 31, uiweke mahali ambapo pochi yako haifiki. Ukiwa na akaunti ya simu ya pili, iweke huko. Inabaki 240,000, yaani 80,000 kwa kila siku kumi. Bahasha tatu, zimefungwa. Bahasha ya pili haifunguliwi tarehe 9 hata kwa saa moja, kwa sababu ukishaifungua mapema umerudi kwenye pochi moja.

Ndani ya kila 80,000, 30,000 ni ya safari moja ya soko, Mgandini au lolote la jumla lililo karibu nawe, asubuhi ya siku ya kwanza. Nunua vinavyokaa: vitunguu kilo 3, nyanya kilo 4, viazi kilo 3, nazi 10, ndimu, tangawizi, pilipili. Nyanya chagua makundi mawili, nusu zilizoiva na nusu zenye rangi ya manjano zikiwa ngumu, uzipange bila kurundika. Za kwanza zinakwenda siku nne tano, nyingine zinaiva taratibu. Ukinunua kwa fungu la kila jioni hapo mtaani, unalipia usafiri na faida ya mchuuzi mara kumi. Wakati wa masika nyanya zinaharibika shambani na bei inaruka. Hapo punguza kilo, usipunguze bahasha nyingine.

Nazi kumi kwa siku kumi maana yake moja kwa siku badala ya mbili. Najua kwa nyumba ya Tanga hili ni gumu kusikia. Lakini angalia unavyokamua: kuna nyumba zinakamua tui zito na jepesi moja, kisha chicha linatupwa likiwa bado jeupe na linateleza mkononi. Chicha hilo bado lina mafuta. Nazi ikune iwe laini, tumia maji ya uvuguvugu ambayo mkono unaweza kuyavumilia, kamua tui zito kwa kikombe kimoja uliweke kando, kisha rudia mara mbili kwa maji mengine ya uvuguvugu. Mchicha au maharage yaive kwa tui jepesi, zito litiwe mwisho. Na siku nyingine pika bila nazi kabisa; samaki wa kukaanga na kachumbari hahitaji tui. Unaponunua za siku kumi, tikisa kila moja usikie maji, na chagua zilizoachiwa kishungi cha makumbi juu ya macho yake matatu. Nazi iliyonyolewa kabisa ikaachwa macho wazi huharibika upesi kupitia hapo.

50,000 inayobaki ni ya kila siku, ila usiigawe sawasawa 5,000 5,000. Iweke hivi: asubuhi 12,000, watoto 4,000, mchicha na matembele 6,000, kitoweo 28,000.

Kuhusu asubuhi, wengi watakushauri ukaange maandazi mwenyewe. Piga hesabu kwanza. Kilo ya unga wa ngano, nazi, robo ya sukari, hamira, iliki, na mafuta yanayonywewa na unga, karibu mililita 200, hutoa maandazi 28 hivi. Ukijumlisha kwa bei za dukani kwako, kila andazi litakugharimu karibu sawa na la kununua, na bado gesi hujahesabu. Maandazi ya nyumbani ni matamu, ila hayataokoa bajeti hii. Kinachookoa ni kubadili chakula chenyewe. Katika siku kumi, tano ziwe za uji: gramu 300 za unga kwa watu sita, zile kilo 5 zinatoa asubuhi 16. Siku tatu mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha, siku mbili maandazi au vitumbua vya kununua. Mama mkwe kama ana sukari au presha, mpangie yeye kwanza kisha wengine wafuate.

Kitoweo ndicho penye fedha, na hapa Tanga hakiendi kwa kalenda ya mshahara, kinakwenda kwa mwezi wa angani. Dagaa na vibua huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi inapong'aa, samaki hawakusanyiki kwenye taa, vyombo vingi vinapumzika, na kidogo kinachopatikana kinapanda bei. Kwa hiyo tazama tarehe za Kiislamu, ambazo naamini nyumbani kwenu zinajulikana. Kuanzia kama tarehe 25 hadi 5 ya mwezi unaofuata ni giza: hapo panga siku zako za samaki. Kati ya tarehe 12 na 18 panga maharage, kunde na mayai. Visado viwili ni karibu kilo 6 na nusu, na nusu kilo inatosha nyumba yako mlo mmoja, kwa hiyo una siku nne za maharage katika kila siku kumi, na zile 28,000 zinabaki kwa siku sita tu. Yaloweke usiku, umwage maji, yataiva kwa gesi pungufu. Miezi ya kusi kali, Juni hadi Agosti, hata siku za giza bahari inaweza kukataza vyombo vidogo kutoka, basi ongeza siku moja ya maharage.

Siku ya samaki wengi, shirikianeni majirani watatu mwende mnadani Deep Sea asubuhi, mchukue ndoo moja mgawane. Hapo panahitaji uangalifu mmoja. Vibua na jodari wakikaa bila barafu wanatengeneza sumu inayowasha ulimi na kuleta wekundu usoni, na kupika hakuiondoi. Beba barafu kwenye ndoo, watumbue na uwatie chumvi mara ufikapo, uwakaange siku hiyohiyo. Ukionja ukasikia ulimi unawasha, mtupe, hasara ya samaki ni ndogo kuliko ya hospitali.

Maharage ya kisado yapime angalau mara moja kwenye mzani. Kopo la lita 4 lililo zima linabeba kilo 3 na gramu 200 hivi. Kopo lililogongwa kitako kikapanda juu linaweza kukuibia nusu kilo, ambayo ni mlo wako mzima. Chupa zako zikiisha, mafuta ya kupima dukani nayo yaogope: kama kipimo cha shilingi 500 ni mililita 70, lita moja umeinunua zaidi ya 7,000, wakati lita yako ya jumla ni 5,400.

Deni la 45,000 usililipe lote tarehe 1, utaanza mwezi ukiwa umeshapungukiwa na utarudi kukopa palepale. Nenda kwa mwenye duka kabla ya mwisho wa mwezi, mwambie utalipa 15,000 kwa miezi mitatu, na uitoe 5,000 kutoka kila bahasha. Miezi hiyo mitatu utaishi kwa 7,500 kwa siku, inabana lakini inawezekana, na ile 18,500 usiiguse kwa ajili ya deni.

Ramadhani ina hesabu yake, maana sukari, nazi, tambi, tende na mihogo ya futari vinapanda kwa pamoja wakati nyumba nzima inavihitaji. Inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo haiji tarehe ileile ya bajeti. Kuanzia Rajabu, kila bahasha inapofunguliwa nunua nusu kilo ya sukari na pakiti moja ya tambi, uviweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Hadi Shaabani iishe utakuwa na kilo 3 za sukari na pakiti sita.

Huna haja ya kungoja tarehe 1. Leo jioni pima mchele uliobaki kwa kikombe, hesabu siku zilizobaki, uone kama kila mlo wa wali una vikombe vyake viwili.