Je, kuinuka kitini ni uvivu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa hesabu katika kampuni ya usafirishaji hapa Kampala, nami hukaa mbele ya kompyuta tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kwa kuwa mkuu wetu humhesabu mvivu kila anayeinuka kitini, hata chakula cha mchana nakila mezani. Ifikapo saa tisa alasiri macho huniwasha, na safu moja ya tarakimu huijumlisha mara tatu nikapata majibu matatu. Nifanyeje?
Karani, Kampala

JIBU: Ndugu Karani, majibu hayo matatu ndiyo hoja yako mbele ya mkuu wako. Kwa wiki mbili, andika saa ambayo kila kosa lilitokea na muda uliotumia kulisahihisha, kisha umpelekee karatasi hiyo badala ya malalamiko. Mtu wa hesabu hujibiwa kwa hesabu.

Wengi wetu hungoja mpaka tuchoke ndipo tupumzike, na hapo huwa tumekwisha kuchelewa. Mwitaliano Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, alijipimia kazi kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, dakika 5 za kupumzika, na baada ya vipindi vinne mapumziko marefu zaidi. Kwa kazi yako naona dakika 25 ni chache, maana kengele yaweza kulia ukiwa katikati ya safu. Afadhali umalize ukurasa, utie alama ulipofika, ndipo uinuke.

Ama macho, huwasha kwa sababu mtu atazamaye skrini hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, yakakauka. Ushauri uliozoeleka ni kwamba kila baada ya dakika 20 utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20, jambo lisilohitaji ruhusa ya mkuu yeyote, na kama dirisha lenu linaelekea kilima cha Namirembe au Kibuli, una bahati. Kuchungulia simu hakuhesabiki, kwani macho yanatoka skrini moja kwenda nyingine.

Chakula nacho kiondoe mezani. Matoke na mchuzi wa karanga havistahili kuliwa juu ya daftari la madeni. Kula nje, kisha utembee hadi kituo cha teksi na kurudi kabla hujaifungua tena kompyuta.