Kwa Anayeanza Kutafiti Mashabiki Mtandaoni

Anayekusudia kutafiti utamaduni wa mashabiki wa kandanda kwa kupitia mitandao hushawishika kuanza kwa kukusanya ujumbe, kwa kuwa ujumbe upo tele na haudai nauli. Nami nilianza hivyo katika kundi la WhatsApp la mashabiki wa Bandari FC, nikajaza daftari maneno niliyoyaita matusi. Siku moja, baada ya timu kufungwa, shabiki mmoja alimwandikia mwenzake kwamba gatini leo hakuna meli, basi arudi nyumbani akapike. Nilipokwenda nao uwanja wa Mbaraki, niliwakuta wawili hao wakila viazi karai vya karatasi moja, wakigombania ukwaju. Kumbe ni watani, na fumbo la gati lilikolea kwa sababu timu yenyewe ni ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Kurasa nzima za uchambuzi wangu nikazifuta.

Suala la idhini lisichukuliwe kijuujuu. Robert Kozinets, aliyeasisi netnografia, yaani mbinu ya kutafiti utamaduni wa watu mtandaoni, katika miaka ya 1990, anasisitiza kwamba mtafiti ajitambulishe waziwazi. Ruhusa ya msimamizi wa kundi si ruhusa ya wanakundi wote, na kwa kuwa watu huingia na kutoka, mimi hurudia kujitambulisha kila mwezi, hata kama wapo wanaochoka kunisikia. Kibali cha NACOSTI, tume ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, nacho kitafutwe mapema. Aidha, nambari ya simu inayoonekana kando ya kila ujumbe ni data ya kibinafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kwa hiyo ifute kabla hujahifadhi chochote. Ujumbe wa ukurasa wa wazi wa Facebook, ukinukuliwa neno kwa neno, humfichua mwandishi wake kwa utafutaji wa dakika moja tu. Ndiyo maana hata maneno ya gati hapo juu nimeyabadilisha.

Usisahau ujumbe wa sauti, ambao wengi huupuuza kwa uvivu wa kuunukuu, ilhali kicheko na kejeli hukaa humo. Na kila unachokihifadhi, andika kando yake dakika ya mchezo na matokeo yalivyokuwa wakati huo, kwani "Mtoeni huyo!" ya dakika ya kumi, timu ikiongoza, ni mzaha, na ya dakika ya themanini, ikiwa nyuma, ni kilio.