Seva bandia ya malipo iamriwe na jaribio lenyewe

Dada, umesema majaribio ya mfumo wenu wa tiketi za basi Tanga–Dar yanapita yakiendeshwa moja moja, ila yakienda pamoja yanaanguka ovyo, na kwamba majibu ya seva bandia ya malipo (programu inayojifanya mfumo halisi wa malipo wakati wa kujaribu) mmeyaandika kwenye faili moja la majaribio yote. Tatizo liko hapo hapo. Jaribio la malipo kukataliwa linageuza jibu, la pili linalikuta limegeuzwa.

Acheni kuligusa faili kwa mkono. Kwenye WireMock, programu ya kuunda seva bandia, jaribio lenyewe litume POST (ombi la kupeleka data) kwa /__admin/mappings likiweka jibu linalolihitaji. Kabla ya kila jaribio, POST kwa /__admin/reset hufuta majibu mliyoongeza na kumbukumbu ya maombi. Angalizo kubwa: mkiendesha majaribio sambamba kwenye seva moja, reset ya mmoja itamfutia mwenzake. Kila mchakato uwashe seva yake kwa --port 0, ipewe poti yoyote iliyo wazi.

Nakusihi uanze na jaribio hili: abiria yuko stendi ya Kange, mtandao unasuasua, anabonyeza "Lipa" mara mbili. Weka fixedDelayMilliseconds 8000 kwenye jibu ili lichelewe sekunde 8, bonyeza mara mbili, kisha uliza /__admin/requests/count ombi la malipo limefika mara ngapi. Ikirudi 2, msiitoe programu hiyo kwa watu. Hiyo ni nauli ya mtu imekatwa mara mbili. Jaribio la jibu la 503 (huduma haipatikani) litafuata baadaye, hilo ni jepesi.