Kabla ya Kitambaa cha Unahodha: Ushauri kwa Viungo Chipukizi

Vijana ninaowafundisha mpira wikendi hapa Nairobi wote wanataka jezi namba 10. Ukiuliza nani atavaa 6, ya kiungo mkabaji, kila mmoja anainama kufunga kamba za viatu. Ndiyo maana mfano wangu huwa Victor Wanyama, kiungo mkabaji aliyekuwa nahodha wa Kenya.

Wengi wanamkumbuka kwa usiku wa Novemba 2012: Celtic Park, uwanja wa Celtic ya Scotland aliyoichezea, kona imepigwa, Wanyama karuka, kichwa, wavuni, na Barcelona wakalala 2-1. Au lile kombora alilowapiga Liverpool kwao Anfield, Februari 2018, akiwa Tottenham. Mimi nawaambia waanzie nyuma zaidi. Mwaka 2007 alikwenda Helsingborg, Sweden, alikokuwa kaka yake McDonald Mariga. Mariga akahamia Parma ya Italia, na mdogo wake hatimaye akafungasha virago akarudi nyumbani. Mtaani kwetu ukirudi kutoka Ulaya mikono mitupu, watu wanakumaliza kwa maneno. Lakini 2008 alipata mkataba Beerschot, Ubelgiji, klabu ambayo wengi hapa hawakuwa wameisikia, na huko akacheza. Celtic walimchukua 2011. Southampton wakamnunua 2013 kwa pauni milioni 12.5, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, kisha Tottenham 2016.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiitwa na timu mbili, usiulize ipi ina jina. Uliza nani anacheza nafasi yako sasa, ana umri gani, na kocha anakuona wapi uwanjani. Benchi la timu kubwa linapendeza kwenye picha tu.

Halafu kuna kazi yenyewe. Kiungo mkabaji huhukumiwa kwa yale aliyoyaona kabla mpira haujamfikia. Nina kijana mmoja mwenye mguu mtamu, lakini alikuwa anapokea pasi akikodolea mpira macho, na kila mara ananyang'anywa. Nikasimama nyuma yake, nikawa nainua vidole. Sharti ni moja: kabla pasi haijamgusa, ataje ni vingapi. Mwanzoni alikuwa anabahatisha, wenzake wanacheka. Siku hizi anageuza kichwa bila kukumbushwa, kushoto, kulia, na mguso wake wa kwanza tayari unaelekea kwenye nafasi. Jaribu hata na kaka au dada yako uani. Zoezi hili halihitaji koni wala vizibao vya mazoezi.

Unahodha? Usiutafute. Wanyama aliichezea Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 15, akakabidhiwa kitambaa 2013, na hajawahi kuwa mtu wa makelele. AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2019 kule Misri, ya kwanza kwetu tangu 2004, tulifungwa 2-0 na Algeria. Mechi iliyofuata Tanzania wakatangulia mara mbili, na bado tukashinda 3-2 (poleni majirani). Timu iliyotoka kuchapwa haihitaji nahodha wa kuizomea. Inahitaji mtu anayeomba mpira wakati wengine wanajificha nyuma ya wapinzani.

Wazazi, neno lenu ni hili. Huja mtu na barua ya majaribio Ulaya, anataka pesa ya "kushughulikia viza". Muulizeni leseni ya uwakala ya FIFA. Siku hizi hutolewa baada ya kufaulu mtihani. Na kama mtoto hajafikisha miaka 18, sheria za FIFA zinazuia kumsajili nje ya nchi, isipokuwa kwa masharti machache sana. Kabla ya kulipa chochote, pigieni simu klabu iliyotajwa kwenye barua, kwa namba mtakayoitafuta wenyewe, si ile iliyochapwa kwenye barua.