Kabla hujamwambia mtu aandike sudo

Jana usiku umeme ulikatika hapa Mwanga, Kigoma, nikawa nasoma grupu letu la kusaidiana Linux kwa chaji iliyobaki kwenye simu. Mama mmoja wa Ujiji, mwenye duka la steshenari, aliuliza kwa nini Ubuntu, mfumo wa Linux ulio kwenye kompyuta yake, inamkatalia kuhifadhi faili la `/etc/hosts`. Alitaka kufungia tovuti za kamari ili wanawe wasiingie. Swali zuri kabisa. Ndani ya dakika mbili mmoja wenu akamrushia `sudo chmod -R 777 /etc`, yaani kwa madaraka ya msimamizi (ndiyo kazi ya sudo) mruhusu kila mtu abadilishe kila faili la mipangilio ya mfumo. Mama akaandika, akashukuru, akaweka na emoji ya maua. Saa moja baadaye akarudi na picha ya skrini: sudo imegoma, inasema `/etc/sudoers` linaandikika na kila mtu.

Na sudo ina haki ya kugoma. Faili hilo ndilo linalosema nani anaruhusiwa kutenda kama root, msimamizi mkuu wa mashine. Ruhusa yake ya kawaida ni 0440, linasomwa tu, tena na wachache. Ukiliachia kila mtu aliandike, sudo hailiamini tena. Mama yule alihitaji `sudo nano /etc/hosts`. Maneno matatu.

Aliyetuma amri ile si mtu mbaya. Ni mwepesi wa kusaidia, na wepesi huo ndio uliotukusanya. Lakini nimeshaona jambo hili mara nyingi mno, wadogo zangu, na mimi mwenyewe nimewahi kufanya baya zaidi. Kwa hiyo nayaandika haya mara moja, myasome kabla ya kumjibu mtu mwingine.

1. Anayeandika ni yeye, anayetenda ni wewe. Kwenye mashine yako ukikosea unaona hapohapo. Kwenye mashine ya mgeni huoni kitu, na yeye hajui kipi ni kosa na kipi ni kawaida. Kabla ya kumpa amri ya kubadilisha, mpe ya kutazama: `ls -l`, `id`, `df -h`, `lsblk`. Hizo haziharibu chochote. Soma majibu, ndipo uagize. Na kila amri yenye sudo uiambatanishe na sentensi moja ya Kiswahili inayoeleza itafanya nini. Ukishindwa kuieleza, huijui bado, usiitume.

Bob Coggeshall na Cliff Spencer waliiandika sudo mnamo 1980 kule Buffalo, Marekani, na mpaka leo kwenye mashine nyingi ukiitumia mara ya kwanza inakupa mawaidha matatu: heshimu siri za wengine, fikiri kabla ya kuandika, madaraka makubwa yana wajibu mkubwa. Wengi tunayapita mbio kuwahi kuandika nywila. Siku moja mketi na mgeni wenu, mmtafsirie.

2. Omba maandishi, usiombe picha. Picha ya simu inakula bando la mtu, haitafutiki, na haikopiki. Mistari 100 ya maandishi ni kilobaiti chache tu. Mfundisheni kwamba kwenye terminali kukopi ni Ctrl+Shift+C, kwa sababu Ctrl+C aliyoizoea inaua programu inayoendelea, na nimeshaona mtu akiua masasisho katikati kwa kutaka tu kutuonyesha yamefika wapi. Akopi kuanzia mstari wenye amri yenyewe, si kuanzia kosa. Kosa la mwisho ni matokeo tu mara nyingi. Chanzo kiko mistari 20 juu yake. Majibu yakiwa marefu, `2>&1 | tee majibu.txt`, halafu atume faili. Hiyo `2>&1` msiisahau, maana makosa hupita njia yake tofauti na majibu ya kawaida, na bila hiyo mtaletewa faili lisilo na kosa hata moja.

3. Herufi `-a`. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Miaka kadhaa iliyopita mwalimu wa fizikia wa sekondari moja upande wa Kasulu alinitafuta kupitia rafiki. Shule ilikuwa na laptopu moja yenye Ubuntu, na yeye alikuwa amenunua Arduino, kibodi kidogo cha elektroniki cha kuunganishia vipimo, kwa pesa yake ili wanafunzi wapime joto la maji yanapochemka na kuchora grafu. Akichomeka kebo, programu inamjibu `Permission denied` kwenye `/dev/ttyUSB0`. Kosa la kila siku. Milango ya aina ile ni ya kikundi cha `dialout`, na mtumiaji wa Ubuntu hawekwi humo tangu mwanzo. Nilijua jibu kabla hajamaliza kueleza.

Nilimwomba kwanza majibu ya `id`, amri inayoonyesha mtumiaji yumo kwenye vikundi gani. Akatuma picha iliyopigwa kwa upande, mwanga wa dirisha umeangukia katikati ya skrini, na upande wa kulia mstari umekatika. Sikuitazama hata sekunde mbili. Nilikuwa kazini, wateja wamesimama. Sikumwambia arudie. Nikamwandikia: `sudo usermod -G dialout mwalimu`, kisha utoke na kuingia upya.

Wanaojua wameshashika kichwa. `-G` ikiwa peke yake haiongezi kikundi, inaandika orodha upya. Ilitakiwa `-aG`. Kwa herufi moja niliyoiacha, mwalimu alitolewa kwenye `sudo`, `adm`, `cdrom`, `plugdev`, `lpadmin`, kote, akabakizwa na `dialout`. Na kwenye Ubuntu akaunti ya root imefungwa tangu siku ya kwanza. Anayetaka kusimamia mashine anapita kikundi cha `sudo`. Nilimfungia mlango huo nikiwa Kigoma, na sikujua kwamba nimeufunga.

Kibaya zaidi, Arduino ilifanya kazi. Mwalimu alinitumia sauti, wanafunzi wanapiga makofi namba zinavyopanda, maji yanachemka kabla ya kufika 100 kama inavyotakiwa kwenye miinuko ile. Nilifurahi kweli. Niliisikiliza mara tatu.

Siku chache baadaye alitaka kuweka programu ya grafu. Akaandika nywila yake, ile ile sahihi, na skrini ikamjibu kwa Kiingereza kwamba jina lake halimo kwenye faili la sudoers, na kwamba tukio hili litaripotiwa.

Litaripotiwa. Ninyi mnajua ripoti hiyo ni mstari kwenye kumbukumbu za mashine ileile, au barua kwa root. Yeye hakujua. Alikuwa na mali ya shule aliyoisainia kwenye daftari, na mashine inamwambia ameripotiwa. Aliizima, akaifungia kabatini. Akamwambia mkuu wa shule kwamba laptopu imeharibika na aliyeiharibu ni yeye. Mimi hakuniandikia. Nami nilipoona kimya nikahesabu kwamba mambo yake yamenyooka. Nilishawasimulia hata watu jinsi nilivyomsaidia.

Zilipita wiki tano. Yule rafiki aliyetukutanisha nikamkuta sokoni, tunachagua migebuka, akaniambia: "Mwalimu wako anatafuta mtu wa kumkopesha, alipe kompyuta ya shule."

Nilimpigia palepale. "Shikamoo mwalimu. Samahani, skrini iliandika nini siku ile?" Akaniomba nisubiri, nikasikia kurasa zinafunuliwa. Alikuwa ameinakili kwenye daftari kwa kalamu, amri yake, jibu lake, hata nukta ya mwisho, akanisomea herufi kwa herufi. Mtu ambaye sikujisumbua kumwomba picha ya pili alikuwa na uwezo wa kunipa majibu kamili kuliko mafundi wengi ninaowajua.

Kesho yake nilipanda basi la Kasulu. Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Unawasha, unabonyeza Esc mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuwashia mfumo, ije, unachagua hali ya uokoaji, unaingia kama root, `mount -o remount,rw /`, halafu `usermod -aG` na vikundi vyake. Orodha ya zamani niliikuta kwenye `/etc/group-`, ile nakala inayobaki pale vikundi vinapobadilishwa; kwa kuwa hakuna aliyegusa kitu tangu siku ile, ilikuwa bado nzima. Dakika 10, na kuwasha upya ndani yake. Kilichochukua muda ni kukaa ofisini kwa mkuu wa shule, mwalimu pembeni yangu, nikieleza kwamba kosa ni langu, ni herufi gani, na kwa nini yeye asingeweza kulijua.

Tukiwa tunatoka mwalimu akaniuliza, bila hasira: "Kwa nini hukuniambia kwamba ile picha haisomeki? Ningepiga nyingine." Nilikuwa na wateja wamesimama. Hilo ndilo jibu, na sikuweza kulitamka mbele yake.

Kwa hiyo ni `-aG`. Au kwenye Debian na Ubuntu tumieni `sudo adduser mwalimu dialout`, ambayo inaongeza tu. Na mtu mliyempa amri ya sudo akinyamaza, mtafuteni. Mgeni aliyefanikiwa huwa anasema. Aliyeogopa ndiye anayenyamaza.

4. Ya haraka haraka. Mwambieni mapema kwamba nywila haionekani anapoiandika, la sivyo atadhani kibodi imekufa. Sudoers huhaririwa kwa `visudo`, maana inakagua sarufi kabla ya kuhifadhi. `sudo echo kitu > /etc/faili` itakataliwa, kwa sababu ile `>` inatekelezwa na sheli (programu inayopokea amri) ya mtumiaji wa kawaida, si na sudo. Tumieni `| sudo tee -a`, na angalieni, `tee` bila `-a` inafuta yote yaliyokuwemo. Herufi ileile, jamani. Aliyeweka Debian na akaipa root nywila wakati wa kuiweka, yeye mwenyewe hayumo kwenye kikundi cha sudo, hivyo anaanza na `su -` ili aingie kama root. Na msimpe mgeni amri ya kuvuta hati kutoka intaneti na kuimwaga moja kwa moja ndani ya `sudo bash`. Kama hamjaisoma ninyi, yeye ataisomaje?

5. Mnapoomba majibu, mjue mnaomba na siri gani. Hili linaniuma karibu sawa na lile la mwalimu, kwa sababu tunalifanya mbele ya watu 200. Kuna kijana aliambiwa hapa aweke `sudo cat` ya kila kilichomo kwenye `/etc/NetworkManager/system-connections/` kwa sababu waifai ilikuwa inamsumbua. Aliweka. Kila nywila ya waifai aliyowahi kuitumia, ya nyumbani, ya kazini, ya kwa shemeji yake, ikaonekana wazi mbele ya neno `psk=`. Zimeandikwa hivyohivyo humo ndani, ndiyo maana mtu wa kawaida haruhusiwi kulisoma faili lile. Sudo ilimpa ruhusa, sisi tukampa sababu.

Kabla ya kuomba `env`, `history` au faili lolote la mipangilio, jiulizeni kuna nini humo. Kwenye `history`, orodha ya amri zilizopita, mara nyingi mna amri za hifadhidata ya MySQL zenye nywila imegandishwa kwenye `-p`. Mwambieni mtu abadilishe siri kwa neno SIRI na aache mengine yote kama yalivyo. Maana wapo wanaoogopa kinyume chake, wanafuta jina la diski, wanafuta namba ya toleo, wanafuta mpaka kosa lenyewe, halafu wanauliza tatizo ni nini. Anwani inayoanza na 192.168 haina siri. Nyumba nyingi duniani zinayo hiyohiyo. Kwa maelezo ya vifaa kuna `inxi -Fz`, ile `z` inaficha vitambulisho yenyewe. Na siri ikishatoka, kufuta meseji hakutoshi. Ibadilishwe siku ileile, na ninyi mlioiomba mkae naye mpaka aibadilishe.

Sasa mama wa Ujiji. Nimempigia asubuhi hii, nimemwomba asizime mashine na asiandike amri nyingine yoyote. `pkexec chmod 0440 /etc/sudoers` itamrudishia sudo, kwa kuwa pkexec, njia nyingine ya kutenda kama root, haipiti kwenye faili lile. Lakini mengine yote ya `/etc`, na `/etc/shadow` linalohifadhi nywila za watumiaji likiwemo, yamebaki wazi, na kuyarudisha moja moja kwa kukumbuka ni kubahatisha. Tutakopi nyaraka za dukani kwake kwanza, halafu tuweke mfumo upya, halafu `/etc/hosts` yake tuihariri pamoja naye, yeye akiwa kwenye kibodi.

Wewe uliyetuma amri ile, jina sitaji. Kesho saa 3 asubuhi nakusubiri stendi ya Mwanga. Njoo na flashi yenye Ubuntu, GB 8 inatosha, yangu imekufa. Utamweleza mama mwenyewe kilichotokea, na mimi nitakaa pembeni yako.