Ukuta wa udongo unamomonyoka kwa chini: je, tupige lipu ya saruji kabla ya mvua?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nyumba ya bibi yangu kijijini Tandahimba, mkoani Mtwara, ni ya miti na udongo. Kwa miaka mingi ilikuwa imeezekwa kwa nyasi na haikutusumbua. Mwaka juzi, baada ya mauzo ya korosho, tuliezua nyasi tukaweka mabati. Mvua za msimu uliopita ukuta wa nyuma umelowa na kumomonyoka kwa chini hadi fito zinaonekana. Fundi anashauri tupige lipu ya saruji nyumba nzima, na tumeshanunua mifuko sita. Je, yuko sahihi, na ni mambo gani mengine tuyafanye kabla mvua hazijaanza?

Jibu: Marahaba. Nakuomba usimamishe kwanza kazi ya lipu, kwa sababu maelezo yako mwenyewe yanaonyesha kwamba tatizo halikuanzia kwenye udongo. Nyumba iliyokaa miaka mingi chini ya nyasi bila matatizo, kisha ikaanza kumomonyoka mara tu baada ya kuwekewa bati, imebadilishiwa paa na si ukuta, na huko juu ndiko pa kuanza kutafuta.

Paa la nyasi au la makuti huwa na upenu mrefu unaoshuka mbele ya ukuta, na maji yake hudondoka taratibu, mbali kidogo na nyumba. Bati ni ghali, hivyo mafundi wengi huufupisha upenu ili kupunguza idadi ya mabati. Matokeo yake ni kwamba maji yote ya mvua kubwa hushuka kwa kasi kwenye mstari mmoja karibu na ukuta, yakachimba ardhi na kurusha matope kwenye sehemu ya chini ya ukuta. Mwombe mtu aliyeko nyumbani asimame nyuma ya nyumba na atazame ardhi: ataona mstari wa vishimo chini ya ncha za bati. Apime kutoka kwenye vishimo hivyo hadi ukutani. Ikiwa umbali huo haufiki sentimita 60, chanzo cha madhara yote mliyoyapata ni hicho.

Lipu ya saruji haitaondoa chanzo hicho, na kwa ukuta wa udongo inaongeza hatari. Udongo hutanuka kidogo unapolowa na kusinyaa unapokauka, ilhali saruji ni ngumu na haifuati mwendo huo, kwa hiyo baada ya muda lipu huachana na ukuta na kupata nyufa. Maji huingia kwenye nyufa hizo, nayo saruji huyazuia yasitoke kwa kukauka kupitia nje. Kwa macho ukuta unaonekana safi na imara, kumbe nyuma ya lipu udongo umekuwa tope na fito zinaoza. Siku lipu inapobanduka huanguka kwa vipande vikubwa pamoja na udongo wake. Nimeona nyumba nyingi zilizoharibika kwa namna hii, na ndiyo maana nasisitiza jambo hili kuliko mengine yote nitakayoyataja.

Kabla ya kuziba chochote, kagueni nguzo. Kwa kuwa sehemu ya chini iko wazi, chukueni ncha ya panga na kuchokoa kila nguzo pale inapoingia ardhini, kwa sababu nguzo huoza na kuliwa na mchwa zaidi mahali hapo kuliko juu au chini zaidi. Ncha ikizama kwa urahisi kama inaingia kwenye muhogo uliochemshwa, nguzo hiyo haibebi tena kitu. Msiing'oe. Tegemezeni paa kwanza kwa miti ya muda, kisha simikeni nguzo mpya pembeni ya ile ya zamani na kuzifunga pamoja. Ncha ya nguzo mpya itakayozikwa ichomwe moto hadi iwe nyeusi kwa nje, kisha ipakwe oili chafu, isipokuwa kama kuna kisima karibu, kwa maana oili hiyo huharibu maji.

Kazi inayofuata ni ya ardhini, nayo haihitaji fedha bali jembe na nguvu. Udongo unaozunguka nyumba uinuliwe na kushindiliwa ili uteremke kutoka ukutani kwenda nje, angalau sentimita tano kwa kila mita moja. Chini ya mstari wa vishimo chimbeni mtaro wa kina kifupi unaopeleka maji bondeni, mbali na nyumba na choo. Hapa ndipo saruji mliyoinunua itakapofaa: jengeeni mtaro huo ndani kwa zege jembamba, kisha mwageni humo vipande vya matofali ya kuchoma au kokoto ili matone yavunjikie humo na yasiruke kuelekea ukutani.

Ukuta wenyewe ukandikwe upya kwa udongo. Udongo wa uwanda wa Makonde katika sehemu nyingi una mchanga mwingi na haushiki vizuri peke yake, hivyo changanyeni na udongo wa kichuguu, ambao una mfinyanzi wa kutosha. Weka pia majani makavu yaliyokatwa urefu wa kidole, loweka mchanganyiko huo kwa siku mbili au tatu, ukanyagwe vizuri, kisha ufanyiwe jaribio kwa kukandika eneo dogo la ukuta na kuliacha likauke kabisa. Likipasuka, ongezeni mchanga. Likichubuka kwa kusuguliwa na kiganja, ongezeni kichuguu. Ukuta wa zamani ulowekwe kidogo kabla ya kukandikwa. Kama mnataka uso mgumu na mweupe, pakeni chokaa juu ya udongo uliokwisha kukauka, kwani chokaa huuacha ukuta upumue.

Kuhusu paa, upenu unaweza kurefushwa kwa kuongeza vipande vya mbao kwenye makombamoyo (miti ya mteremko inayobeba paa) na kuchomeka bati jipya chini ya ncha ya bati la zamani, lipishane kwa sentimita 20. Hata hivyo upenu mrefu hushikwa zaidi na upepo, na kwa mikoa yetu hilo si jambo la kupuuza. Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Vyote viwili vilikuja mwishoni mwa msimu, wakati kuta zimeshalowa na nguzo zimelegea. Fungeni kila kombamoyo kwenye nguzo kwa waya mnene, na badilisheni misumari iliyolegea pembezoni mwa paa kwa kupigilia mipya kwenye tundu jipya, huku tundu la zamani likizibwa kwa lami.

Mkipata fedha, wekeni gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa, upande wa nyuma. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo nusu ya paa yenye mita za mraba 25 ikipata mvua ya milimita 20 inatoa karibu lita 500, ambazo badala ya kuuchimba ukuta zitajaza tangi. Kwa Tandahimba, ambako maji ni shida kubwa kiangazi, bibi atanufaika mara mbili. Maji ya mvua za mwanzo yaachwe yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege kwanza.

Suala la muda ni muhimu pia. Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili, na minada ya korosho huanza karibu Oktoba. Familia nyingi husubiri malipo ndipo zianze matengenezo, wakati udongo uliokandikwa unahitaji wiki tatu au nne za jua ili ukauke. Nguzo, mtaro na ukandikaji vifanyike sasa bila kusubiri malipo, na fedha za korosho zikipatikana ziende kwenye upenu na gata. Saruji itakayobaki ihifadhiwe juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na itumike kujengea kitako cha tangi kabla haijaganda.